Mafiga Matatu na Saa Moja

Otilia Mbano alikasirishwa na kuku.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi wa Ipogolo, ameshika waya mnene wa umeme alioung'oa ukutani dakika hiyohiyo kwa mikono yake miwili. Nyuma yake seva zote za ukumbi zilikuwa zimezima. Hilo halikuwa tatizo, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Tatizo lilikuwa uani, ambako sufuria ilikuwa jikoni, ndani ya sufuria mlikuwa na kuku, na kuku mwenyewe alikuwa ameshaiva. Sasa kuku wa kienyeji haivi kwa muda wa mtu kung'oa waya. Kuna mtu alimchinja asubuhi, akamnyonyoa, akamkatakata, akamwekea nyanya na chumvi, huku anajua vizuri kabisa kwamba mtani yuko njiani.

"Karibu chakula, mtani!" aliita Tulalumba Nyenza, fundi wa zamu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Alikuwa na mwiko mkononi. "Au siku hizi Wangoni mnakula majani?"

"Nani kawaambia nakuja?"

"Haa! Kwani wewe unakuja kama mwizi?"

"Ndiyo! Nije kama mwizi! Ndivyo ilivyoandikwa!"

Tulalumba akazidi kucheka. Mafundi wenzake wawili waliokuwa wanakoroga ugali wakacheka pia. Walidhani ni utani.

Waasisi wa Mafiga hawakuwa wajinga, tuwape haki yao. Miaka ya vumbi ilipokwisha na mji wa Iringa ukabaki na maelfu ya watu wasioweza tena kuvuta hewa kwa nguvu zao, walibuni kipumulio, kidude cha ukubwa wa kiganja kinachoshonewa kifuani. Kipumulio kina nguvu ila hakina akili. Kabla ya kila pumzi kinauliza seva: nivute kiasi gani? Kama mwenye nacho anapanda ngazi, kama amelala, kama amekasirika, seva ndizo zinazojua, nazo hujibu kabla mtu hajahisi kukosa. Zikinyamaza, kipumulio hujiendesha kwa kumbukumbu zake kwa muda wa kuchemsha birika la chai, kisha hukaza na kufunga. Kwa hiyo waasisi wakajenga kumbi tatu, Gangilonga, Kihesa na Ipogolo, kila mmoja na umeme wake, nyaya zake na mafundi wake, wakaziita Mafiga, maana figa moja haliinjiki chungu. Ukumbi mmoja ukifa, mbili zibebe. Wanaojua kupika watasema chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Waasisi walikuwa wahandisi, tuwasamehe.

Kisha wakafanya jambo la busara kuliko yote. Walijua mwenye nyumba hawezi kupiga vyungu vyake mwenyewe chini ili aone kama ni vigumu. Mkono utamlegea. Basi wakaandika katika katiba ya shirika kwamba Mafiga yatakuwa na mtani, Mngoni kwa Wahehe, mwenye haki ya kuingia ukumbi wowote wakati wowote bila taarifa, akang'oa anachotaka, wala asikasirikiwe. Babu zao walishachomana mikuki vya kutosha, na wajukuu wakabaki na matusi ya kuchekesha. Kwenye msiba wa Mhehe, Mngoni anaingia kaburini, analala chali, anadai alipwe ndipo marehemu ashushwe, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Nani mwingine angezima ukumbi wa pumzi za watu halafu akaletewa maji ya kunawa?

"Niambie ukweli," Otilia alisema, akauweka waya chini. "Mnajuaje?"

"Mlinzi wa Kihesa akikuona umeshika njia ya huku, anatupigia simu," Tulalumba alijibu bila aibu yoyote. "Tunahamishia mzigo kwenye kumbi zile nyingine, tunaweka sufuria jikoni. Ukifika, unang'oa seva tupu, tunakula, tunacheka. Sasa mtani, tukuache ufike ukute jiko limepoa? Sisi ni watu gani?"

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza. Mtani hupokelewa."

Otilia alihisi damu ikimpanda kichwani. Miaka yote hii amekuwa aking'oa nyaya za maonyesho. Miaka yote hii ameandika taarifa zinazosema ukumbi ulizimwa ghafla na hakuna mtu aliyekosa pumzi, na taarifa zikasomwa bungeni, na watu wakapiga makofi. Na kila jioni alirudi nyumbani kwa mumewe, Yoramu Kikoti, mwalimu wa hesabu, ambaye kipumulio chake alikisikia kikihema gizani pembeni yake, akalala usingizi mnono kwa sababu alikuwa amekipima mwenyewe. Alikuwa hajapima kitu. Alikuwa amealikwa kula.

Akala paja moja, kwa hasira. Hasira haizuii njaa.

*

Baada ya chakula akamshika Tulalumba mkono, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nionyeshe ambacho sijawahi kukiona."

Tulalumba alitazama huku na huku. Kicheko kilikuwa kimemwisha, maana alikuwa fundi mzuri na sasa ndipo alipoanza kuelewa alichokuwa amekipika siku zote zile. Wakapanda gari la shirika mpaka Gangilonga. Huko, nyuma ya safu za seva, palikuwa na chumba kidogo chenye zulia, kiyoyozi na kisanduku cheusi juu ya meza. Pazia lilikuwa safi. Mtu angedhani ni chumba cha wageni.

"Hii ni saa," Tulalumba alisema.

"Na nyingine?"

"Hakuna nyingine."

Hapa lazima msomaji aelewe jambo moja, halafu tutaendelea. Kila amri ya pumzi hubandikwa muda. Ukumbi ukipokea taarifa kutoka ukumbi mwenzake, kwanza hutazama muda uliobandikwa. Ikiwa taarifa imechelewa hata kidogo huitupa, kwa sababu pumzi ya jana haimfai mtu leo. Kwa hiyo ili kumbi tatu zielewane, ni lazima zikubaliane kwanza ni saa ngapi, tena kwa usahihi ambao jicho la binadamu haliwezi kuufuata. Waasisi waliupa kila ukumbi saa yake, na saa hizo tatu zilikuwa zikikaguana mchana kutwa. Moja ikipotea, mbili zinaikataa na kengele inalia.

"Zilikuwa zinagombana," Tulalumba alieleza. "Kengele kila mara. Watu wa mjini wakawa wanapiga simu kuuliza kuna nini, magazeti yakaanza kuandika. Mzee Kihwele, mkurugenzi, akaamuru tutoe mbili, kumbi zote zifuate hii. Alisema saa moja haibishani na mtu."

"Na ikisema uongo, nani atajua?"

Tulalumba akalinyoosha pazia ambalo halikuhitaji kunyooshwa.

"Ikifa je?"

"Kumbi zitaanza kupotezana kidogo kidogo. Kila mmoja utaona wenzake wamechelewa, utawakatia mawasiliano, utatuma amri zake wenyewe. Kipumulio kikipokea amri tatu zinazopingana..." Akaweka kiganja kifuani ingawa yeye mwenyewe hakuwa na kipumulio. "Kinafunga palepale. Hata ile nafasi ya birika la chai haipo."

"Vipumulio vyote?"

"Vyote."

Mafiga matatu, kila moja na umeme wake, kila moja na ulinzi wake, na yote yameegemea kisanduku kimoja kinachowekewa pazia! Otilia alitamani kupiga kelele. Akaushika waya wa saa. Katiba ilikuwa upande wake: anachotaka, wakati wowote, bila taarifa. Akiung'oa sasa hivi, kabla birika lolote mjini halijachemka, nchi nzima itajua, wala Kihwele hatakuwa na neno la kusema. Na Yoramu, ambaye wakati huo alikuwa mbele ya ubao anafundisha sehemu, ataanguka na chaki yake mkononi. Na muuza nyanya. Na mtoto wa jirani. Asipoung'oa, siku moja kiyoyozi kitazima au panya atatafuna waya, na wataanguka walewale, tena wengi zaidi, pasipo fundi wala muuguzi aliyejiandaa.

Mkono wake ulitaka kung'oa. Hasira ilimwambia ng'oa, wajifunze. Lakini haki ile alipewa na wenye mashine. Wenye mapafu hakuna aliyewauliza. Akauachia waya, na akajichukia kwa kuuachia, na angejichukia vilevile kama asingeuachia, na hilo likamkasirisha kuliko yote.

*

Alfeo Kihwele, mkurugenzi, alimpokea kwa mikono miwili. "Mtani! Kaa kitini, usije ukakaa sakafuni ukafikiri uko kwenu Songea."

"Rudisha zile saa mbili."

"Aa, umeambiwa." Alitabasamu bila kushtuka. "Saa ile ni nzuri sana, mtani. Haijawahi kukosea hata mara moja."

"Utajuaje? Huna ya kuilinganisha nayo!"

Kihwele akacheka mpaka akafuta macho. "Wangoni kwa maneno! Ndiyo maana tulishindwa kuwamaliza kwa mikuki."

"Mzee Kihwele, sitanii."

"Mtani asiyetania ni nani? Sikiliza. Wiki ijayo tunaunganisha watu wa Songea, ndugu zako haohao. Nikirudisha saa leo, ni kukiri kwamba nilizitoa. Songea watasita, Mbeya watasita, na kwa kila atakayesita kuna mtu atakayekufa kwa kukosa kipumulio. Hao nao ni watu. Acha sherehe ipite, halafu tutaona." Akasogeza kiti karibu. "Halafu, mama, mumeo leo asubuhi alikuwa anapumua, au alikuwa hapumui?"

Alilisema kwa upole, kama mtu anayemjulia mgonjwa hali. Otilia akainuka, kwa sababu angekaa angemtupia kikombe.

Kutoka hapo alipita sokoni. Alimweleza muuza nyanya, akamweleza fundi viatu, akawaeleza kina mama waliokuwa kwenye foleni ya maji, maneno mafupi yasiyo na uficho: saa ni moja, ikifa mnakufa. Walicheka wote. "Mngoni anatutakia kifo!" alisema muuza nyanya, na akamwongezea nyanya mbili za bure kwa kumfurahisha. Kadiri alivyokazana ndivyo walivyoshika mbavu. Alifika nyumbani na zile nyanya mbili mkononi.

Yoramu hakucheka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kifua chake bila kujua.

"Mtani wetu akituambia nyumba inaungua," alisema, "sisi tunamjibu alete nyama tuchome. Tumelelewa hivyo. Hawawezi kukusikia, Otilia."

"Wewe ni Mhehe na umenisikia."

"Mimi nimekuoa. Nimeshaijua sura yako ukikasirika kweli. Wao hawajawahi kuiona."

"Basi nifanye nini? Nikaing'oe?"

Yoramu akauondoa mkono kifuani. "Ungekuwa unaniuliza mimi peke yangu, ningesema ing'oe, niko tayari. Lakini siwezi kukuruhusu kwa kifua cha mtu mwingine."

*

Siku ya sherehe uwanja wa Gangilonga ulijaa. Wajumbe wa Songea walikaa mbele, wamevaa vizuri, wengine wamebebwa kwa machela kwa sababu ya kukosa pumzi. Kihwele alihutubia. Kisha, kama ilivyo desturi ya shirika, mtani akaitwa aseme lake, na vicheko vilianza hata kabla hajafika jukwaani.

"Kumbi ni tatu," Otilia alisema kwenye kipaza sauti. "Saa ni moja. Saa mbili zilitolewa kwa sababu zilikuwa zinapiga kelele. Kila mlipoambiwa nimepima Mafiga, sikupima kitu, nilipikiwa kuku. Ile saa ikizima, kila mwenye kipumulio hapa anakufa amesimama."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mtu mmoja alipiga mbinja. "Na wewe utarithi ng'ombe wetu!" mwingine alipaza sauti, na watu wakaangukiana mabegani.

Kihwele akapanda jukwaani na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, zawadi ya mtani. Kila mtu pale alijua maana yake. Mtani akishasema ya kwake anapewa chake, akikipokea yameisha, na lolote alilolisema linabaki mzaha. "Pokea, mtani wetu," alisema. "Leo umetuchekesha kweli."

Otilia alimtazama yule jogoo. Akamtazama Kihwele. Halafu akaweka mikono yake nyuma.

"Sipokei."

Waliokuwa karibu walicheka kidogo, kwa mashaka.

"Sipokei," alirudia. "Leo, kesho wala mtondogoo. Kuanzia sasa mimi si mtani wenu. Msinitanie, sitawatania. Ukumbini kwenu sitaingia tena, na haki yenu ya kung'oa nyaya nawarudishia. Mimi ni mke wa Yoramu Kikoti mwenye kipumulio, na nimekasirika. Nimewakasirikia ninyi wote. Mmenicheka nikiwalilia."

Tangu babu zao waweke mikuki chini, hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo. Kicheko kilikatika. Watu walimwona usoni, kwa mara ya kwanza, na sura waliyoiona iliwatisha.

Mwanamke mmoja wa Songea, aliyelazwa kwenye machela, akauliza kwa sauti ndogo iliyokatikakatika, "Saa... ziko ngapi?"

"Moja."

"Muongo!" Kihwele alisema. "Amechanganyikiwa, jamani, tumsamehe..."

"Ni moja," Tulalumba Nyenza alisema kutoka kwenye kundi la mafundi. Alikuwa analia. "Ni moja, mimi ndiye niliyezitoa zile mbili kwa mikono yangu. Niliamriwa."

Hakuna aliyepiga kelele. Kilichosikika kilikuwa vipumulio. Mtu akikasirika moyo huenda mbio na kifua huomba hewa zaidi, na pale uwanjani maelfu walikasirika kwa pamoja, na vipumulio vyao vyote vikaanza kuhema kwa kasi, kimoja baada ya kingine, mpaka ikawa sauti moja nzito iliyoufunika uwanja mzima. Katika kumbi tatu taa za mzigo zilipanda mpaka juu. Kihwele alisimama katikati ya sauti hiyo na jogoo wake, na tabasamu likamwisha usoni.

*

Saa mbili zilirudishwa. Songea walikataa kuunganishwa mpaka wajumbe wao wazione kwa macho, na walipoziona wakadai mtu wa kwao akae na kila moja. Siku ya kwanza tu saa ya Kihesa iligombana na wenzake, kengele ikalia mji mzima, wala hakuna aliyethubutu kusema inyamazishwe. Kihwele alistaafu kabla hajaulizwa maswali mengi, jambo lililomkera Otilia, lakini yeye hakuwa tena na jukwaa la kukereka.

Shirika lilichukua mtani mwingine, kijana mwembamba, Mngoni wa Mbinga. Huyu hakuna anayempikia mpaka amalize kazi.

Miezi ikapita, baba yake Tulalumba akafariki, mzee wa siku nyingi, kifo cha kawaida. Otilia na Yoramu walikwenda kuzika Ipogolo. Yule kijana wa Mbinga alikuwa ameshaingia kaburini, amelala chali, anadai alipwe, anamtukana marehemu kwa kuwa mzito, na watu wanacheka na kulia. Otilia alipotokea, kicheko kilipungua. Watu walimpisha njia. "Shikamoo, mama," walimwambia. Walimletea kiti, cha kwanza kabisa mstari wa mbele, kikiwa kimefutwa vumbi.

Alikaa kitini. Hakuna aliyemuuliza kama Wangoni wanajua kiti ni nini. Baada ya maziko mabinti wawili walipiga magoti wakamnawisha, wakamwekea sahani ya peke yake yenye wali na nyama nzuri, na wakarudi nyuma kwa adabu. Kule upande wa pili watu walikuwa wanamsukuma kijana wa Mbinga, wanamwita mtumwa, wanamnyang'anya mfupa mdomoni. Otilia aliwatazama na hasira yake ya zamani ikapanda, ila safari hii hakujua aielekeze kwa nani.

Tulalumba akapita na jagi la maji. Otilia hakuweza kujizuia.

"Wewe Mhehe," alisema, na akatabasamu, "nyama gani hii mnanipa? Mmemchinja bibi yake ng'ombe?"

Tulalumba alisimama. Watu waliokuwa karibu waliacha kutafuna. Akainama haraka, macho chini.

"Samahani sana, mama," alisema. "Usikasirike. Ngoja nikubadilishie."

Akaichukua sahani kwa mikono miwili, akaondoka nayo.